Watemi wa Vijinchi vya Ujerumani: Nani Alilipia Opera?

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na wageni wote mliofika jioni hii, hamjambo, na asanteni kwa kunikaribisha.

Mada niliyopewa ni watawala wa Ujerumani katika karne ya 18. Naona wengine mmekwisha kumfikiria Bismarck, yule aliyeiunganisha Ujerumani. Mwacheni kwanza, zamu yake ilikuja miaka mia baadaye. Katika miaka ya 1700 hapakuwa na dola moja liitwalo Ujerumani. Palikuwa na Dola Takatifu la Roma, Kaisari wake akikaa Vienna, na chini yake watawala wapatao 300, kila mmoja na mipaka yake, mahakama zake na askari wake. Mkataba wa Westfalia wa mwaka 1648 ulikuwa umewathibitishia haki ya kutawala kwao karibu watakavyo. Wakubwa miongoni mwao, kama mfalme wa Prussia, siwagusi leo. Nitazungumza juu ya wadogo, ambao nitawaita watemi, ingawa wao wenyewe walikuwa na vyeo vya kila namna na waligombana usiku na mchana juu ya nani atangulie kuingia mlangoni.

Na chini ya hao walikuwapo mamia ya makabaila wengine, wasio na bosi ila Kaisari, ambao baadhi yao himaya yao yote ilikuwa vijiji viwili vitatu na msitu wa kuwindia.

Ni rahisi kuwacheka watu hawa. Ukoo wa Reuss, huko Thuringia, uliwaita watoto wake wote wa kiume Heinrich. Nasema wote, hata yule ambaye hakutarajiwa kurithi kitu. Ikabidi wapewe namba. Tawi la wakubwa lilihesabu mpaka 100 kisha likaanza tena na moja. Tawi la wadogo lilianza upya kila karne ilipogeuka. Au mchukueni Ludwig IX wa Hessen-Darmstadt, aliyetawala kuanzia 1768 hadi 1790. Huyu mji wake mkuu, Darmstadt, hakuupenda. Alikaa Pirmasens, mji alioujaza askari warefu, akawafanyisha gwaride hata mvua inaponyesha, kwa sababu alikuwa amewajengea ukumbi mkubwa wenye paa wa kufanyia mazoezi. Wakati wa mapumziko alitunga muziki wa gwaride. Alitunga maelfu.

Tukishacheka, nataka tuulize swali la mhasibu. Nani alilipa?

Maana kila mtemi alitaka awe na Versailles yake, kama lile kasri la fahari la wafalme wa Ufaransa. Alitaka kasri, bustani yenye chemchemi, kundi la waimbaji kutoka Italia, mbwa wa kuwindia, na mwalimu wa kucheza dansi kutoka Paris. Mapato yake yalitoka kwenye mashamba, misitu, ushuru wa barabarani na kodi za wakulima. Ardhi ilikuwa ndogo na wakulima walikuwa wachache. Pengo kati ya cheo na mapato lilizibwa kwa mikopo, na mikopo ilipogoma, mtemi alitazama huku na huku akauliza ana nini cha kuuza. Alikuwa na watu. Vijana wa kiume waliuzwa kama askari. Mabinti wa kasri waliolewa mbali, tena kwa faida.

Tuanze na vijana. Hessen-Kassel ilikuwa nchi ya watu wasiofika laki tatu na nusu, lakini jeshi lake lilikuwa kubwa kuliko mahitaji yake kwa mbali. Kukodisha jeshi ndiyo ilikuwa biashara ya ukoo kwa vizazi kadhaa. Mwezi Januari 1776 mtemi wake, Friedrich II, alitia saini mkataba na mfalme wa Uingereza wa kutoa askari wapatao 12,000 waende kuwapiga wakoloni walioasi huko Amerika. Wengine wakaingia katika biashara hiyo: mwanawe Wilhelm aliyekuwa akitawala Hanau, duki wa Braunschweig-Wolfenbüttel, mtemi wa Waldeck, mtawala wa Ansbach-Bayreuth, na Friedrich August wa Anhalt-Zerbst. Kwa jumla walivuka bahari karibu watu 30,000, na zaidi ya nusu yao walitoka Hessen-Kassel. Ndiyo maana Wamarekani mpaka leo wanawaita wote Wahessen, hata wale ambao hawakuwahi kukanyaga Hessen.

Mkataba wa Braunschweig una kifungu ambacho huwa nawasomesha wanafunzi wangu polepole. Askari akiuawa, mtemi atalipwa fedha ileile iliyolipwa alipomtoa. Na waliojeruhiwa? Watatu watahesabiwa kuwa maiti mmoja. Hiyo ni hesabu iliyoandikwa na watu wazima, wakaipiga mhuri.

Askari wenyewe walitoka wapi? Wapo waliojiunga kwa hiari, hilo lazima tulikiri. Mshahara wa Uingereza ulikuwa mzuri, na mtoto wa pili au wa tatu wa mkulima, asiye na urithi wa shamba, hakuwa na mengi ya kuchagua. Lakini wapo waliokamatwa njiani. Mwaka 1781 mwanafunzi mmoja wa Leipzig, Johann Gottfried Seume, alikuwa akitembea kwa miguu kuelekea Paris. Akapita Hessen, wakusanyaji askari wakamtia mkononi, na safari yake ya Paris ikaishia Halifax, Kanada. Baadaye akawa mwandishi, ndiyo maana jina lake tunalo. Wengine kama yeye hawakuandika.

Huko Ansbach mambo yalichafuka mapema. Machi 1777 askari walisongamanishwa kwenye mashua katika mto Main, na walipofika Ochsenfurt wakagoma, wakashuka, wakaanza kutawanyika. Mtawala wao, Karl Alexander, alipanda farasi usiku akaenda mwenyewe kuwarudisha, kisha akaandamana nao mtoni ili mzigo ufike. Nimeona wakisifu ujasiri wake siku hiyo. Mimi naona mfanyabiashara anayelinda shehena.

Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 1776, George Washington alikuwa amewashtukiza Wahessen mjini Trenton. Karibu 900 walitekwa, na kanali wao, Johann Rall, akafa kwa majeraha. Waasi wa Amerika walikuwa wajanja. Waliwaahidi ardhi wale watakaotoroka jeshini. Vita vilipokwisha, watu zaidi ya 12,000 kati ya wale 30,000 hawakurudi kwao. Wengi waliuawa na maradhi kuliko risasi. Maelfu wengine walibaki kwa hiari yao, wakaoa, wakalima.

Sasa hapa ndipo pagumu, na nawaomba msikimbilie kutoa hukumu. Friedrich II wa Hessen-Kassel hakuzila fedha zile zote kwa anasa. Alipunguza kodi. Mwaka 1779 alifungua mjini Kassel jumba la Fridericianum, mojawapo ya majumba ya makumbusho ya kwanza barani Ulaya yaliyojengwa kwa ajili ya kutazamwa na umma. Ukienda Kassel leo utaliona, lina nguzo kama hekalu la Kiyunani. Alileta wanasayansi. Mmoja wao, Samuel Thomas Soemmerring, alipasua maiti za Waafrika waliokuwa wakiishi Kassel, akachapisha mwaka 1784 kitabu cha kulinganisha mwili wa mtu mweusi na wa Mzungu. Kwa hiyo anayewaambia kwamba huyo alikuwa mtawala wa nuru, mwambieni ndiyo. Anayewaambia alikuwa muuza watu, mwambieni ndiyo pia. Daftari la mapato na matumizi lilikuwa moja.

Upande wa mabinti hauna damu, lakini una safari ndefu. Mwaka 1744 msichana wa miaka 14 aliondoka Anhalt-Zerbst na mama yake katika baridi ya Januari kwenda Urusi, kuonwa na mchumba. Aliitwa Sophie. Akabadilishiwa dhehebu na jina, akaolewa, na mwaka 1762 akampindua mumewe akatawala kwa jina la Katarina II. Yule Friedrich August niliyemtaja, aliyekodisha askari, alikuwa kaka yake. Mwaka 1761 Charlotte wa Mecklenburg-Strelitz, miaka 17, alifika London akafungishwa ndoa na mfalme George III siku hiyohiyo jioni. Na mwaka 1773 mke wa Ludwig IX, yule wa magwaride, aliwapakia mabinti zake watatu akaenda nao Urusi ili mwana wa Katarina achague mmoja. Akachaguliwa Wilhelmine. Mdogo wake, Luise, ambaye hakuchaguliwa, aliolewa miaka miwili baadaye na mtawala wa Weimar. Baba yao alibaki Pirmasens. Alikuwa na kazi.

Nimesema askari na mabinti. Nisogee sasa Württemberg, maana huko ndipo utauona utawala wa mtu mmoja kwa karibu kabisa.

Duki Karl Eugen alikabidhiwa madaraka akiwa na miaka 16, mwaka 1744, akatawala hadi alipofariki 1793. Opera yake ya Ludwigsburg na Stuttgart ilisifiwa Ulaya nzima. Alijenga kasri la Solitude juu ya kilima, na barabara iliyonyooka kama rula kutoka hapo mpaka Ludwigsburg. Tatizo lake ni kwamba Württemberg ilikuwa na baraza la wawakilishi lenye haki za zamani, ambalo bila idhini yake kodi mpya haikuwa halali. Yeye akazitoza hivyohivyo. Mshauri wa kisheria wa baraza hilo, Johann Jakob Moser, mzee wa miaka 58, akatupwa katika ngome ya Hohentwiel mwaka 1759, akakaa miaka mitano bila kufikishwa mahakamani.

Baraza halikukaa kimya. Likamshtaki duki wao mbele ya mahakama ya Kaisari huko Vienna, likapata pia msaada wa wafalme wa nje, na mwaka 1770 duki akalazimika kutia saini mapatano ya kuziheshimu haki za zamani. Wanafunzi wa sheria walioko hapa, hili liandikeni. Tumezoea kuambiwa kwamba Dola Takatifu lilikuwa gofu tu. Lakini katika gofu hilo raia waliweza kumshtaki mtawala wao na kushinda. Ilichukua miaka, ndiyo. Mahakama ya pili ya Dola, iliyokuwa Wetzlar, ilikuwa na mafaili yaliyosubiri hata wadai wakafa.

Sasa Schubart. Christian Friedrich Daniel Schubart alikuwa mwanamuziki na mwandishi wa gazeti, mwenye ulimi mkali. Aliwaandika vibaya wakubwa, akiwamo Karl Eugen, lakini aliandikia Ulm, mji huru ambao duki hakuwa na mamlaka nao. Kijinchi kidogo mpaka wake uko karibu. Hilo lilikuwa kinga kwa mwandishi. Basi Januari 1777 akaja mtumishi wa duki kwa sura ya urafiki, akamwalika chakula Blaubeuren, mwendo mfupi tu kutoka Ulm. Blaubeuren ilikuwa ndani ya Württemberg. Akakamatwa, akapelekwa ngome ya Hohenasperg, na duki mwenyewe pamoja na mpenzi wake Franziska von Hohenheim walikuja kutazama akiingizwa. Alikaa ndani miaka kumi. Hapakuwa na mashtaka wala hukumu.

Mfalme wa Ufaransa hakuwahi kuwaona wengi wa watu waliofungwa kwa jina lake. Mtemi wa Kijerumani alikujua. Alijua umesema nini na baba yako anafanya kazi gani. Huo ndio ukaribu ninaotaka muuone, kwa sababu ulikuwa na pande mbili. Duki huyohuyo, Februari 1778, alipotimiza miaka 50, aliandika waraka wa kuungama makosa ya ujana wake na kuahidi kubadilika, ukasomwa makanisani nchi nzima. Schubart alikuwa selo. Aliendelea kukaa selo.

Na mtoto wa ofisa mmoja katika jeshi la duki alikuwa akisoma katika shule ya kijeshi iliyoanzishwa na Karl Eugen, ambayo mzazi hakuwa na ubavu wa kuikataa. Mtoto huyo ni Friedrich Schiller. Duki alitaka awe daktari, akawa daktari wa jeshi. Usiku aliandika tamthilia. Ya kwanza ilipochezwa Mannheim, Januari 1782, alivuka mpaka kwa siri kwenda kuitazama. Alipokwenda mara nyingine bila ruhusa, alifungwa siku 14 na kukatazwa kuandika chochote kisichokuwa cha tiba. Usiku wa tarehe 22 Septemba 1782, kasri la Solitude likiwaka taa kwa karamu ya mgeni kutoka Urusi, Schiller na rafiki yake mwanamuziki Andreas Streicher walitoka mjini kwa gari la farasi na majina ya uongo. Asubuhi walikuwa nchi nyingine. Miaka miwili baadaye akaitoa tamthilia ambamo mtumishi anamletea bibi mmoja vito vya thamani kutoka kwa mtemi. Bibi anauliza vimegharimu kiasi gani. Mtumishi anamwambia havikugharimu kitu: maelfu ya vijana wamesafirishwa jana kwenda Amerika, na hao ndio wanaolipa.

Biashara hiyo iligusa hata bara letu. Mwaka 1787 Karl Eugen alikodisha kikosi cha watu wapatao 2,000 kwa kampuni ya Waholanzi ya India ya Mashariki, kwenda kulinda Rasi ya Tumaini Jema, huko Afrika Kusini. Kutoka hapo wakahamishiwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) na Java, na wengi hawakuiona tena Württemberg. Wimbo wa kuwaaga uliandikwa na Schubart akiwa bado gerezani. Mwaka huohuo aliachiwa, na duki akampa kazi ya kuongoza ukumbi wa maonyesho wa kasri. Akaikubali. Simlaumu.

Nikitaja Afrika, siwezi kumpita Anton Wilhelm Amo. Alizaliwa karibu na Axim, katika Ghana ya leo, akapelekwa Ulaya akiwa mtoto, na mwaka 1707 akatolewa kama zawadi kwa Duki Anton Ulrich wa Braunschweig-Wolfenbüttel. Kuwa na mtumishi mweusi mwenye mavazi ya kumetameta lilikuwa pambo la kasri. Jina lake lenyewe ni la duki na la mwanawe, August Wilhelm. Lakini nyumba hii ilikuwa ya wapenda vitabu, na kijana akasomeshwa. Mwaka 1729 alitetea mjini Halle tasnifu juu ya haki za watu weusi walioko Ulaya. Andiko hilo limepotea. Akawa mwanafalsafa, akafundisha Halle, Wittenberg na Jena, kisha miaka ya 1740 akarudi pwani alikozaliwa. Je, kasri lilimpa elimu au lilimnyang'anya maisha yake? Nikiulizwa mimi, Wolfenbüttel haikuwa na haki ya kupewa mtu kama zawadi. Halle ilikuwa ya Amo mwenyewe, kwa akili yake.

Ukaribu uleule uliowafunga wengine uliwainua wengine. Johann Sebastian Bach alikuwa mwanamuziki wa kasri la Weimar. Mwaka 1717 alipata kazi bora kwa Leopold wa Anhalt-Köthen, akaomba ruhusa kwa ukaidi mno, na duki Wilhelm Ernst akamweka ndani karibu wiki nne kabla ya kumwachia aende zake. Köthen ilikuwa ndogo kuliko Weimar, lakini mtemi wake alipiga ala mwenyewe tena vizuri, na Bach alifurahi huko mpaka Leopold alipooa mke asiyejali muziki. Mwaka 1723 akahamia Leipzig.

Miaka hamsini baadaye ilikuwa Weimar hiyohiyo, yenye wakazi kama 6,000. Anna Amalia, mjane tangu miaka 18, aliiongoza kwa niaba ya mwanawe mpaka 1775. Mwana huyo, Karl August, alipokabidhiwa alimwalika Goethe, wakawinda pamoja, wakalewa pamoja, kisha akamfanya waziri. Mshairi akasimamia migodi, barabara na jeshi, na akapunguza idadi ya askari kwa sababu fedha hazikuwapo. Wenzangu wa fasihi hupenda kuishia hapo. Lakini mwaka 1783 mtumishi wa kike aitwaye Johanna Höhn alihukumiwa kwa kumuua mtoto wake mchanga. Karl August alisita, akaomba maoni ya washauri wake. Goethe alikuwa mmoja wa waliosema adhabu ya kifo ibaki. Johanna akakatwa kichwa.

Mnaniashiria muda. Niseme haraka walivyokwisha.

Mwenye nguvu mpishe, wasema wahenga, na mwaka 1787 Wilhelm wa Hessen-Kassel, aliyekuwa amemrithi baba yake, aliivamia Schaumburg-Lippe, ambako mrithi alikuwa mtoto wa miaka miwili. Mahakama ya Kaisari ikamwamuru atoke, na akatoka. Ndivyo Dola lilivyowakinga wadogo. Mwaka 1791 Karl Alexander wa Ansbach, aliyewahi kuuza askari, aliiuza nchi yenyewe kwa Prussia kwa malipo ya kila mwaka, akahamia Uingereza na bibi Elizabeth Craven. Kisha akaja Napoleon. Mwaka 1803 vijinchi zaidi ya mia moja vilifutwa kwa waraka mmoja, na mwaka 1806 Dola lenyewe likavunjwa.

Baadhi walinusurika. Schwarzburg-Rudolstadt, kwa mfano, ilibaki na mtemi wake na kasri lake kilimani. Wazanzibari mliomo humu, huo ndio mji alioishi kwa muda Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, akiwa mjane na watoto watatu, baada ya kutoka Hamburg na Dresden. Alijua kasri ni nini, na hakuhitaji kuelezwa.

Mtawala wa huko, Günther Victor, alijiuzulu mwishoni mwa Novemba 1918, wa mwisho kabisa kati ya watawala wote wa Ujerumani. Serikali mpya zikabaki zikigombana mahakamani na koo hizo: misitu ya nani, makasri ya nani, picha za ukutani za nani? Tarehe 20 Juni 1926 Wajerumani walipiga kura ya maoni, mali za watemi zitaifishwe bila fidia au la. Waliosema ndiyo walikuwa zaidi ya milioni 14. Sheria ilitaka nusu ya wapiga kura wote wa nchi, wakiwamo waliobaki nyumbani, na hawakufika. Koo nyingi zikaendelea na kesi zao.

Asanteni sana. Nasubiri maswali.